Wasomaji Wanauliza: Kurasa Nne, Kalamu Moja na Meza ya Vitabu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Uyole hadi Mafinga, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu ana kitabu mkononi na anataka watu wakusanyike, wakisikie, wakinunue, waondoke nacho kikiwa na saini. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Zilizokuwa ndefu tumezifupisha.

SWALI: Riwaya yangu ya kwanza imetoka kiwandani, nakala 300. Nimepata ukumbi hapa Mbeya mjini kwa saa mbili na nusu. Nimepanga kusoma sura ya kwanza yote, kurasa 14, ili watu wajue hadithi inaanzia wapi. Rafiki yangu anasema nitawachosha. Naomba ushauri. (Mwandishi, Uyole)

JIBU: Hongera kwa kazi, ndugu yetu, na umshukuru rafiki yako. Piga hesabu kwanza. Mtu anayesoma kwa sauti bila kukimbia humaliza maneno 100 hadi 120 kwa dakika. Ukurasa wa kitabu cha A5 wenye herufi za kawaida hubeba maneno kama 280, kwa hiyo unakula dakika mbili na nusu hivi. Kurasa 14 ni dakika 35, na hapo hujanywa maji wala hujakohoa. Anayekusikiliza hawezi kurudi nyuma kutazama fulani ni nani, kama afanyavyo msomaji. Akipotea dakika ya 12, amepotea moja kwa moja. Soma kurasa nne, dakika 10. Ukitaka kipande cha pili, kiwe kifupi zaidi, dakika tano, kisha funga kitabu.

Sura ya kwanza mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote kwa kusomwa mbele za watu. Imejaa utangulizi: kijiji kiko wapi, baba alikuwa nani, mvua ilinyesha vipi. Tafuta mahali ambapo watu wawili wako pamoja na kila mmoja anataka kitu tofauti. Tuseme mama yuko sokoni Mwanjelwa anamuuzia shemeji yake gunia la viazi. Shemeji anataka apunguziwe kwa sababu ya undugu, mama anamkumbusha deni la mwaka jana bila kulitaja kwa jina. Hicho ndicho kipande. Wahusika wasizidi watatu, mahali pawe pamoja, na ukate kabla jambo halijaisha. Shemeji anapoingiza mkono mfukoni na hatujajua atatoa nini, acha hapo. Anayetaka kujua alitoa nini ataifuata meza ya vitabu.

Ukishachagua, usisomee kwenye kitabu chenyewe. Chapa kurasa hizo upya kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, zipe namba, na usizibane kwa pini. Karatasi iliyobanwa hupiga kelele kwenye maiki kila unapoigeuza. Weka mkwaju mdogo (/) kwa penseli kila mahali utakapovuta pumzi. Sentensi inayokumaliza pumzi kabla ya nukta ikate, kwa ajili ya siku hiyo tu. Futa pia "alisema" na "alijibu" nyingi, maana sauti yako itaonyesha nani anazungumza. Kama mhusika anasalimia "Ugonile", mwache asalimie hivyo hivyo, usisimame katikati kutafsiri. Ukumbi wa Mbeya utaitikia wenyewe, kama ukumbi wa Iringa utakavyoitikia "Kamwene".

Jirekodi kwa simu mara tatu. Mara ya kwanza ni ya kupima muda. Mara ya pili utasikia maneno yanayokukwama ulimi, nayo uyabadilishe. Mara ya tatu soma umesimama, huku mtu wa nyumbani amekaa mwisho wa chumba. Akikuuliza "umesemaje?" hata mara moja, basi bado unakimbia. Siku yenyewe, kabla ya kuanza, toa sentensi tatu tu: nani yuko wapi, anataka nini, nani anamzuia. Usiwasimulie riwaya nzima halafu ukawaomba wainunue.

Kuhusu saa mbili na nusu: nusu saa ya kwanza ni ya kupanga viti na kupima spika, na dakika 45 za mwisho ziwe za kusaini. Kilichobaki ni saa moja na robo, na humo kuna utambulisho, usomaji, maswali na hotuba. Ndiyo maana kila dakika unayoiongeza kwenye kusoma unaikata kwenye meza ya vitabu.

SWALI: Kamati yetu inasema uzinduzi bila mgeni rasmi si uzinduzi. Mara ya mwisho watu walikaa saa mbili wakimngoja, na alipofika nusu ya viti ilikuwa wazi. Tumwache? (Katibu wa kikundi cha waandishi, Mbeya)

JIBU: Msimwache, mpangieni dakika. Mgeni rasmi mzuri hununua nakala kumi akazigawa mashuleni, na jambo hilo mliandike wazi kwenye barua ya mwaliko badala ya kulitumainia kimoyomoyo. Barua hiyo hiyo itaje saa ya kumpokea na muda wa hotuba. Dakika saba zinamtosha mtu yeyote. Kisha mwandishi asome kipande cha kwanza saa iliyotangazwa, hata kama kiti cha mbele bado hakina mtu. Mgeni akifika, mshereheshaji amtambulishe kati ya kipande cha kwanza na cha pili. Tunalisisitiza hili kwa sababu wasikilizaji wenu wanarudi Uyole, Mbalizi na Iyunga kwa daladala. Kuanzia saa 11 jioni wanatazama dirishani, na mwezi wa Juni na Julai baridi inawaondoa mapema zaidi. Wanaoondoka mapema ndio wale waliokuja na hela ya kitabu.

SWALI: Tuna ukumbi mzuri Iringa, bure kabisa, ila hauna dari, ni bati tupu. Mvua ikinyesha hakuna kinachosikika. Spika kubwa zitasaidia? (Mratibu wa kikundi cha wasomaji, Iringa)

JIBU: Hazitasaidia. Mvua kwenye bati hutoa kelele ya juu yenye kukwaruza, na inafunika sauti zile zile zinazotofautisha neno na neno: s, f, sh, ch. Ukipandisha spika unaongeza besi na mwangwi, maneno yanabaki yamezama. Kwa ukanda wetu mvua huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na nyingi hushuka mchana kuelekea jioni. Kama ukumbi ni huo huo, fanyeni shughuli saa 4 asubuhi, au isubiri Mei. Jumamosi mchana ina tatizo lingine pia, harusi na misiba. Utashindana na ndugu wa watu. Jumapili subirini hadi ibada za mwisho zitoke.

Siku isiyo na mvua, ukumbi wa watu 60 hauhitaji vifaa vikubwa. Spika moja ya kuchaji yenye maiki ya waya inatosha, na ichajiwe usiku wa kuamkia siku hiyo, maana umeme ukikatika saa 8 mchana hakuna wa kumlaumu. Spika ikae mbele ya msomaji ikitazama watu. Ikiwa nyuma yake, maiki inachukua sauti inayotoka kwenye spika na kuirudisha, ndipo inapolia ule mlio wa kuumiza masikio. Maiki iwe umbali wa kiganja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, si mbele kabisa; pumzi ya "p" na "b" ikiingia moja kwa moja inapiga kama ngumi. Mkikodi genereta, ikae mita 30 hivi, nyuma ya ukuta, upande ambao upepo hauleti moshi ndani.

Viti vipangwe nusu duara kwa safu fupi. Wekeni vichache kuliko mnavyotarajia, vingine virundikwe ukutani, muongeze watu wakija. Watu 40 kwenye viti 40 ni ukumbi uliojaa, lakini wakikaa kwenye viti 100 watajiona wako matangani.

SWALI: Mwandishi anakuja shuleni kwetu. Tuna wanafunzi 120 walionunua kitabu na muda wa saa mbili tu, pamoja na mazungumzo. Safari iliyopita foleni ilivunjika na wengine walilia. Tufanyeje? (Mwalimu wa Kiswahili, Mafinga)

JIBU: Mwalimu, shikamoo kwa kazi hiyo. Kitabu kimoja kikisainiwa kwa kuulizana jina huchukua dakika moja hadi moja na nusu. Kwa wanafunzi 120 hiyo ni saa mbili hadi tatu, kwa hiyo foleni ilivunjika kabla haijaanza. Mnachoweza kukiondoa ni maswali ya jina.

Siku moja kabla, kila mwanafunzi aandike jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwenye kikaratasi, na akichomeke kwenye ukurasa wa jina la kitabu kikiwa kimechungulia juu. Aandike mwenyewe kwa sababu mwenye jina ndiye anayejua herufi zake. Anneth, Aneth na Aneti ni watoto watatu tofauti. Jackline ana njia nne za kuandikwa. Suzan si Susan. Kosa la herufi kwenye kitabu halifutiki, na mtoto atalitazama miaka yote.

Kisha wawekeni wasaidizi watatu mezani. Wa kwanza anakifungua kitabu mahali pa kikaratasi. Wa pili anakisogeza mbele ya mwandishi, kutoka kushoto kwake kama anaandikia mkono wa kulia. Wa tatu anakipokea upande wa pili na kukiacha wazi kwa nusu dakika ili wino ukauke, ndipo amkabidhi mwenyewe. Mwandishi aandike vitu vitatu tu: "Kwa" na jina, saini, tarehe. Kwa mwendo huo kitabu kimoja ni sekunde 30, na vitabu 120 ni saa moja kamili. Saa nyingine inabaki ya kusoma na maswali.

Foleni yenyewe isiwe ya watoto 120. Iteni safu ya kumi kumi, wengine wabaki wameketi wakifanya jambo, hata kuandika swali la kumuuliza mgeni. Meza ikae karibu na ukuta ili pasiwe na mtu nyuma ya mwandishi, na kuwe na njia ya kuingilia na nyingine ya kutokea. Foleni inayorudi ilikotoka ndiyo iliyowaliza watoto wenu.

Na tunaomba sana, mwanafunzi asiyekuwa na hela ya kitabu asibaki darasani siku hiyo. Toeni fotokopi ya aya moja nzuri kwenye nusu karatasi, mwandishi aitie saini. Gharama yake ni ndogo mno, na mtoto huyo naye anaondoka na kitu chenye jina lake. Nakala moja isainiwe pia "Kwa maktaba ya shule".

SWALI: Kalamu gani ni nzuri ya kusainia? (Mwandishi, Tukuyu)

JIBU: Kalamu ya wino ya kawaida, nyeusi au ya bluu, mbili mkononi na ya tatu mfukoni. Maka peni hupenya karatasi na kuharibu ukurasa wa nyuma, hasa kama kitabu kimechapwa kwenye karatasi nyembamba. Kalamu ya jeli inapendeza ila hukauka polepole. Kwenye karatasi yenye kung'aa utaona alama ya kidole. Saini kwenye ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu, usisaini nyuma ya jalada. Jambo moja waandishi wengi wanalisahau: saini ya vitabuni isiwe ile ya benki. Unaigawa kwa watu usiowajua, kwa mamia. Tengeneza nyingine, fupi, na uizoee.

SWALI: Nina duka la vitabu karibu na Soko Matola. Waandishi wanataka niwasimamie meza siku ya uzinduzi na kuuza nakala zitakazobaki. Nakala ngapi ziletwe, na tukubaliane vipi ili tusigombane? (Muuza vitabu, Mbeya)

JIBU: Kwa ukumbi wa watu 60, nakala 30 hadi 40 zinatosha mezani, maana mke na mume hununua moja, na marafiki wengine wamekuja kupiga makofi. Boksi la akiba likae karibu. Kitabu cha A5 chenye kurasa 200 kwenye karatasi ya gramu 80 kina uzito wa gramu 270 hivi. Nakala 50 zinakaribia kilo 14, mzigo ambao mtu mmoja anaubeba na boksi haliachii chini. Zikija kwa basi kutoka Dar es Salaam, ndani ya boksi kuwe na mfuko wa nailoni uliofungwa. Buti la basi hupata maji, na karatasi ikishanyonya unyevu inajikunja na hainyooki tena.

Bei iwe ile isiyosumbua chenji. Kitabu cha 15,000 kitalipwa kwa noti mbili za 10,000, kwa hiyo njoo na noti 20 za 5,000. Ukiweka 12,000 utatafuta chenji ya 3,000 na 8,000 mchana kutwa, na foleni inasimama kwa ajili ya buku tatu. Lipa namba ichapwe kubwa na isimamishwe mezani, pamoja na jina litakalotokea, ili mteja ahakikishe kabla ya kutuma. Malipo yahakikiwe kwenye simu yako; ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja si uthibitisho. Aliyelipa apewe kikaratasi, na mwandishi asaini kitabu chenye kikaratasi tu. Anayepokea hela asiwe mwandishi. Huyo kazi yake ni kuwatazama watu usoni.

Nakala zinazobaki dukani ni mali kauli, yaani duka hulipa baada ya kuuza, na mali kauli bila maandishi ndiyo inayovunja urafiki. Karatasi moja, nakala mbili, saini mbili: vitabu vingapi vimepokelewa na tarehe gani, bei ya rafu, fungu la duka, lini vitahesabiwa, na nani anabeba hasara ya kilichoibwa au kulowa. Kama fungu la duka ni asilimia 35, kwenye kitabu cha 15,000 duka linabaki na 5,250, mwandishi anapata 9,750. Tunashauri mhesabu kila baada ya miezi mitatu. Mwandishi anayepita dukani kila Jumatatu kuuliza "vimetoka vingapi?" anachosha, na duka linalokaa mwaka bila kuhesabu linamdhulumu.

SWALI: Je, kusoma kitabu ukumbini kunahitaji kibali? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Kwa mkusanyiko wa hadhara, sheria inataka polisi wapewe taarifa saa 48 kabla. Kwa ukumbi wa ndani, peleka barua ofisi ya serikali ya mtaa na kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri wiki mbili kabla, hasa kama kuna kiingilio. Baki na nakala iliyogongwa mhuri, uje nayo siku hiyo.

SWALI: Mimi ni mshairi wa mashairi ya vina na mizani. Nikiyasoma yanapoa, nikiyaghani baadhi ya vijana wanacheka. Nifanye lipi? (Mshairi, Vwawa)

JIBU: Ghani. Shairi la tarbia (mishororo minne kwa ubeti) lenye mizani, yaani silabi, 16 kwa mshororo, nane kwa nane, limejengwa kwa ajili ya koo. Ukilisoma kama taarifa ya habari unalivunja katikati ya kipande. Chukua mshororo kama huu: "Nafika Mbeya mjini, baridi yanikumbata." Anayesoma kwa mazoea ya nathari hupumua baada ya "Mbeya", na mizani inakufa. Pumzi ni moja tu, kwenye mkato, baada ya silabi ya nane. Cheko la vijana mara nyingi linatokana na kushtukizwa. Waambie kabla: "Hili litaghaniwa, na kibwagizo ni chetu sote." Wafundishe kibwagizo, wakirudie mara mbili, ndipo uanze. Beti moja ikighaniwa vizuri huchukua kama nusu dakika, kwa hiyo beti nane ni dakika nne. Usiunganishe mashairi mawili ya bahari moja. Kati yake weka moja la kusomwa, ili sikio lipumzike.

SWALI: Nilisaini nakala 40 kabla ya shughuli ili kuokoa muda. Zimebaki 22. Duka litazikubali? (Mwandishi, Makambako)

JIBU: Inategemea uliandika nini. Kama ni saini peke yake, duka litazipokea kwa furaha. Ziwekee kibandiko kidogo cha "imesainiwa" juu ya jalada, kinachobanduka bila kuchana. Kama uliandika "Kwa rafiki yangu mpendwa" au tarehe ya uzinduzi, tenga hizo kwa maktaba ya mkoa, shule na wahakiki, na usijaribu kufuta kwa wino mweupe. Safari ijayo zisaini kumi tu mapema, bila jina wala tarehe, kwa ajili ya wanaowahi daladala.